Risala ya Kikundi cha Watengenezaji na Wapigaji wa Magitaa ya Besi kwa Mgeni Rasmi, Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule pamoja na walimu wote,
Wazee wetu wapigaji wa ilimba na zeze mliofika kutoka Chamwino na Bahi,
Wazazi, wanafunzi na wageni waalikwa,

Mbukwenyi!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako na kuja kuyaona magitaa yaliyopangwa juu ya meza hii. Yote ni magitaa ya besi ya umeme, na yote yametengenezwa hapa Dodoma na vijana wa kikundi chetu, wakiwemo wanafunzi wa shule hii. Tunaomba utuvumilie tueleze yalivyotengenezwa, sababu ya kuyatengeneza badala ya kuyanunua, na mahitaji yetu ili kazi hii isonge mbele.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, gitaa la besi la umeme ni chombo kichanga. Nchini Marekani, Paul Tutmarc wa Seattle alitengeneza moja katika miaka ya 1930, lakini lile lililoenea duniani kote liliingizwa sokoni na Leo Fender mwaka 1951. Fender alikuwa fundi redio wa California, na katika maisha yake yote hakujifunza kupiga gitaa. Jambo hili huwa tunawaambia wanafunzi wapya siku ya kwanza, kwa sababu wengi wao hufika wakidhani kwamba chombo cha muziki cha kisasa hutoka kiwandani tu na kwamba fundi redio wa mtaani hana neno katika muziki. Kabla ya Fender, mpiga besi alibeba fidla kubwa inayozidi kimo cha mtu, isiyo na freti, na sauti yake ilimezwa na tarumbeta na ngoma. Gitaa la Fender lilibebeka begani, lilisikika kwa umeme, na lilikuwa na freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo na kumwonyesha mpigaji mahali hasa pa kila sauti. Hata jina alilolipa, Precision, lilitokana na usahihi huo wa freti.

Usahihi huo ndio uliotuleta kwenye kazi hii, kwa sababu si usahihi wa muziki wote. Freti za gitaa la dukani hupangwa kwa hesabu inayoigawa oktavu, yaani nafasi kati ya sauti moja na ile inayotikisika mara mbili yake, katika hatua 12 zilizo sawa kabisa. Mpangilio huo unaitosha kwaya inayoimba kwa kinanda, na unaitosha bendi ya dansi. Lakini wazee waliopo hapa hawaitii ilimba yao, chombo cha ndimi za chuma kinachopigwa kwa vidole gumba, sauti kwa hesabu hiyo. Watafiti wa muziki wa Afrika, akiwemo Gerhard Kubik wa Austria, wameeleza kwamba sauti za muziki wa Wagogo hufuata sauti za asili zilizomo ndani ya uzi wenyewe, zile zinazojitokeza uzi unapoguswa kwa wepesi kwenye robo yake, kwenye sehemu yake ya tano, ya sita, ya saba, na kuendelea. Mpiga besi yeyote anaweza kuzisikia hapa hapa mezani: aguse uzi bila kuukandamiza, aukung'ute, na sauti nyororo ya juu itatoka.

Naomba niseme kwa vipimo, maana vipimo ndivyo vilivyotushawishi. Nyuzi za magitaa haya zina urefu wa milimita 864, yaani inchi 34, ambao ni urefu uleule aliouchagua Fender. Freti ya nne ya gitaa la kawaida huwekwa milimita 178 kutoka juu ya shingo; sauti ya tano ya asili, ikishushwa ilingane na oktavu hiyo, inakaa kwenye milimita 173. Freti ya kumi huwekwa kwenye milimita 379. Sauti ya saba ya asili inakaa kwenye milimita 370. Tofauti ya milimita 9 kwenye shingo ya gitaa si ndogo hata kidogo. Ndiyo maana besi ya dukani ikiwekwa kando ya ilimba husikika kama inagombana nayo, na mara nyingi lawama humwangukia mzee wa ilimba, akaambiwa kwamba chombo chake kimepotea sauti. Tunasema mbele yako, Mheshimiwa, kwamba ilimba haijapotea. Ni gitaa linalopaswa kuifuata, na gitaa litaifuata ikiwa anayelitengeneza ameisikiliza ilimba kwanza.

Kwa sababu hiyo tunatengeneza magitaa ya aina mbili. Yenye freti ni ya kwaya na ya bendi. Yasiyo na freti, ambayo shingo yake ni mbao tupu iliyolainishwa, ni ya kupigwa pamoja na ilimba na zeze. Ubavuni mwake tumepachika alama ndogo, na alama hizo tumezipima kwa kusikiliza ilimba ya mzee atakayesindikizwa. Ilimba ya mzee mwingine ikitofautiana kidogo, kidole husogea nayo. Hakuna duka linalouza gitaa la namna hiyo, na hatutarajii lipatikane.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shingo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Nyuzi nne za besi zikikazwa huivuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 75, usiku na mchana. Mbao mbichi au dhaifu hupinda, na gitaa hilo halipigiki tena. Sisi hutumia mninga, kwa sababu husinyaa kidogo sana unapokauka na hukubali randa na patasi bila ubishi. Shingo moja huundwa kwa vipande vitatu vilivyogundishwa, cha katikati kikigeuzwa ili nyuzinyuzi zake zipingane na za wenzake, na ndani yake hupita chuma chembamba chenye skurubu mwishoni ambacho fundi hukikaza au kukilegeza kunyoosha shingo inapohitajika. Hali ya hewa ya Dodoma ni rafiki yetu katika hili. Mvua zetu huja kati ya Desemba na Aprili tu, na miezi iliyobaki mbao zikipangwa kivulini hukauka vizuri. Gitaa lililotengenezwa kwenye hewa yenye unyevu wa pwani na kuletwa huku husinyaa mbao, na ncha za freti hujitokeza zikamkwaruza mpigaji mkono. Gitaa lililokaushiwa hapa halina tabia hiyo likibaki hapa.

Sehemu inayowavuta zaidi wanafunzi ni kinasa sauti, yaani koili iliyo chini ya nyuzi. Walimu wa fizikia waliopo wanaifahamu kanuni yake, iliyogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831: sumaku ikitikisika karibu na koili, umeme huzaliwa ndani ya waya. Hapa kinachotikisika ni uzi wa chuma uliopata usumaku kutoka chini yake. Ndiyo sababu mshipi wa kuvulia samaki, hata ukikazwa vipi, hautoi sauti kwenye gitaa hili, na waya wa breki ya baiskeli unatoa, ingawa huo nao huumiza vidole na kula freti, kwa hiyo tunautumia kwenye magitaa ya kujifunzia pekee. Sumaku tunazitoa kwenye spika zilizoungua, na juu yake tunasimamisha boliti ndogo za chuma, moja chini ya kila uzi. Waya wa shaba ulio mwembamba kuliko unywele hutoka kwenye rilei na transfoma ndogo zilizokufa, ambazo mafundi redio wa Majengo na Sabasaba hutuwekea badala ya kuzitupa. Waya huo unahitaji kuzungushwa maelfu ya mara, kwa kawaida kati ya mizunguko 7,000 na 10,000, bila kukatika. Kazi hiyo tunaifanya kwa gurudumu la cherehani, na mizunguko huhesabiwa na kikokotoo cha kawaida kilichounganishwa na swichi ndogo ya sumaku, kinachojumlisha moja kila gurudumu linapokamilisha duara. Koili ikimalizika huzamishwa katika nta iliyoyeyushwa, mchanganyiko wa mshumaa na nta ya nyuki kutoka Manyoni, ili waya usicheze na kupiga mlio mkali spika zinapowashwa.

Tusingependa kudai kwamba tumevumbua jambo ambalo halijawahi kufanyika barani kwetu. Mjini Kinshasa, Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono Nº1 waliiwekea likembe, ndugu wa ilimba yetu, vinasa vya kujitengenezea kwa sumaku zilizotolewa kwenye vipuri vya magari, na walifanya hivyo ili isikike mitaani penye kelele. Malawi nako vijana hupiga babatoni, besi ndefu ya uzi mmoja iliyojengwa juu ya ngoma ya ngozi. Na hapa nyumbani, marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliifikisha ilimba katika majukwaa makubwa ya dunia bila kuibadilisha sauti ili ilingane na ya wengine. Tunapotia alama kwenye shingo isiyo na freti, yeye ndiye tunayemfuata.

Kuhusu kupiga, tunafundisha kwa subira. Mwanafunzi huanza kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, shahada na cha kati, vikipokezana huku gumba likitulia juu ya kinasa, na hubaki kwenye uzi mmoja hadi mapigo yake yalingane kwa nguvu. Anayetaka kukimbilia mbwembwe tunamrudisha kwenye uzi wake. Uzi mnene wa besi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde ukiwa wazi, na sauti nzito ya namna hiyo ikikosa adabu huzima kila kitu. Ilimba ina vitundu vilivyofunikwa utando wa buibui, vinavyoipa ule mvumo wake mtamu. Besi ikijaza kila nafasi, mvumo huo hausikiki tena. Akina mama wanapopiga muheme, mpiga besi wetu anatakiwa azisikilize ngoma kwanza, achague mapigo machache, na mengine ayaache. Kwa maoni yetu hapo ndipo mpigaji anapojulikana, na tunawashukuru wazee waliokubali kuketi na vijana wetu na kuwaambia wazi pale walipozidisha.

Amplifaya pia tunaziunganisha wenyewe, zile ndogo zinazotumia betri ya volti 12, kwa sababu mwanafunzi wa kijijini asiye na umeme wa gridi naye anapaswa kufanya mazoezi. Mashine za volti 230 hatuwaruhusu wanafunzi kuzifungua, na kila gitaa hupimwa muunganiko wake wa nyuzi na ardhi kabla ya kuchomekwa. Katika hili hatuna mzaha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa naomba nifikishe maombi yetu. Tunafanyia kazi chini ya mti na katika kibaraza cha maabara, na vumbi la randa haliwezi kukaa pamoja na koili. Tunaomba chumba kimoja chenye kufuli, hata kikiwa cha stoo. Tunaomba keekee ya kusimama, jiriwa za kutosha na tupa za kusawazisha freti, maana vifaa tulivyonavyo ni vya kuazima na wenyewe huvihitaji. Nyuzi za besi na waya wa freti bado vinatoka nje ya nchi, na bei yake ndiyo inayowazuia vijana wengi kumiliki gitaa walilolitengeneza kwa mikono yao.

Ombi la mbao ni zito kidogo. Mninga ni mti unaohitaji kulindwa, na hatutaki hata gitaa moja litokane na mti uliokatwa bila kibali. Hadi sasa tunanunua masalia kwenye karakana za samani, ambayo hayatoshi na mara nyingine ni mafupi. Tunakuomba utuunganishe na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ili tuelekezwe njia halali ya kupata vipande vidogo, kwani ubao mmoja unaotengeneza mlango hutosha shingo kadhaa.

Vilevile, tangu mwaka 2024 mitaala mipya imefungua mkondo wa amali katika shule za sekondari. Tunaomba, popote utakapokuwa na sauti, useme kwamba utengenezaji wa vyombo vya muziki ni amali kamili, yenye useremala, umeme, hesabu na fizikia ndani yake, na kwamba Dodoma ina walimu wa kuifundisha, wengine wakiwa wazee wasio na cheti. Tungependa pia sauti za ilimba za wazee hawa zirekodiwe na kupimwa wakiwa hai, kwa kushirikiana na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwa sababu kila ilimba inayonyamaza bila kupimwa inatunyima alama za shingo moja.

Baada ya risala hii, kijana wa kidato cha tatu atapiga besi isiyo na freti aliyoitengeneza mwenyewe, akimsindikiza babu yake kwenye ilimba, na kisha kwaya ya shule itaimba kwa besi yenye freti. Tunakuomba usikilize zote mbili ukiwa umekaa karibu na spika, na ukipata nafasi uliguse gitaa, uulize swali lolote. Aliyelitengeneza yupo na atajibu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi,
kwa niaba ya wanakikundi wote