Harambee ya Kupima Maji ya Visima Vyetu

Ndugu, jamaa na marafiki,

Kamati ya maji inawaomba mchango ili maji ya visima vilivyo chini ya kifusi cha mgodi wa makaa ya mawe yakapimwe maabara. Wengi wenu mnataka tununue chujio mara moja. Tumekataa kwa sasa, na sababu ni hii.

Mawe yanayotupwa makaa yakishatolewa mara nyingi huwa na pairiti, yaani chuma kilichoungana na salfa. Yakifukiwa ardhini hayana neno. Yakipigwa na hewa na mvua hutoa tindikali, nayo huyeyusha metali nzito zilizomo mawemo: manganisi, nikeli, kadimi, risasi, hata arseniki. Maji hayo hupenya polepole hadi visimani. Matope ya rangi ya kutu mnayoyaona mtaroni ni chuma, na chuma angalau hujitangaza. Arseniki haina rangi, harufu wala ladha. Kuchemsha hakusaidii, maana maji hupungua na metali hubaki sufuriani, zikazidi kukolea. Klorini nayo kazi yake ni vijidudu.

Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 (mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu) kwa lita kwa arseniki na kwa risasi, na 3 kwa kadimi. Risasi ndiyo inayotunyima usingizi: hudhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwake.

Dawa moja haiondoi kila kitu: chokaa huua ukali wa tindikali na kuzituamisha chini metali nyingi, lakini arseniki na seleni (nayo hutoka mawemo) huweza kubaki majini. Kwa hiyo kununua chujio kabla ya vipimo ni kumeza dawa kabla ya kujua ugonjwa.

Fedha zitalipia chupa, usafiri, ada ya maabara na tindikali kidogo ya kuhifadhia sampuli (naam, tindikali, huzuia metali zisigande chupani). Tutapima kiangazi na tena baada ya mvua kubwa, kwa kuwa mvua ndiyo inayokamua kifusi. Salio litaanzisha mfuko wa chujio.

Asiye na fedha alete tangi, mabati au mifereji, watoto wa shule wapate maji ya mvua huku tukisubiri majibu. Majibu ya kila kisima yatasomwa mkutanoni, hata cha mwenyekiti. Michango apewe mweka hazina peke yake, na usiondoke bila stakabadhi.