Kalinga, pima uzito kwanza

Uyole, Mbeya

Ndugu yangu Kalinga,

Habari za Iringa? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tuko salama, tumekazana na viazi tu.

Picha za ile Coaster uliyoigeuza nyumba nimeziona. Kitanda, jiko la gesi, hadi sinki! Umetuweza. Ila hayo matairi ya meno makubwa unayoyapigia hesabu siyakubali. Hifadhi ya Kitulo mtakwenda mara moja moja, safari nyingine zote ni lami. Meno yale yatawapigia kelele tangu Mafinga hadi Chimala, na siku ukishuka mlima Kitonga lami imelowa, hayashiki vizuri. Chukua ya barabara. Kama zile kona 57 za kupanda Matamba kwenda Kitulo zinakunyima usingizi, basi ya mchanganyiko, ya lami na vumbi, yasizidi hapo.

Kinachonisumbua zaidi ni mzigo. Coaster ya abiria hufika stendi ikashusha watu, ikapumua. Yako haishushi kitu: kabati, betri, friji, mtungi, vyote vinayakalia matairi usiku na mchana. Tangi la maji la lita 150 peke yake ni kilo 150, na shemeji hajapanda. Kwa hiyo jaza kila kitu kama mnaondoka, uipeleke kwenye mzani, ipimwe ekseli ya mbele kivyake na ya nyuma kivyake. Hapo ndipo usome ubavu wa tairi. Ukikuta 118/114, namba ya kwanza ni alama ya mzigo wa tairi lililofungwa peke yake, kilo 1,320. Ya pili ni ya pacha, yaani mawili yaliyofungwa pamoja upande mmoja, kilo 1,180 kila moja. Maana yake mbele kilo 2,640, nyuma kwa yote manne 4,720. Bakiza nafasi, maana tangi lako liko upande mmoja na upande huo unaelemewa.

Pacha za nyuma zilingane saizi, aina na uchakavu. Ukifunga jipya na kuukuu, jipya ndilo nene, litabeba mzigo wa mwenzake na kuchemka. Matairi ya nyuzi za waya na ya nyuzi za nailoni usichanganye kabisa.

Halafu umri. Gari linalolala uani wiki nyingi, matairi huzeeka kashata, yaani meno yake, zikiwa bado nzima, na wauza mitumba wanalijua hilo, ndiyo maana wanayapaka dawa yang'ae. Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya ubavuni yanayoanza na herufi DOT: 3217 ni wiki ya 32 ya mwaka 2017. Kama upande wa nje hazipo, mwambie akugeuzie. Akileta maneno, ondoka. Ya mtumba mimi nisingefunga kwenye gari wanamolala watoto, hata kwa nusu bei. Yakishafika miaka mitano, fundi ayakague kila mwaka, na spea usiisahau.

Upepo pima asubuhi kabla ya kuwasha gari, ukifuata jedwali la mtengenezaji kwa uzito uliopata mzanini. Ukifika Ruaha Mbuyuni kwenye joto utakuta umepanda. Usiupunguze, matairi yakipoa utashuka wenyewe. Na uyawekee yale ya ndani ya pacha valvu ndefu za chuma, vinginevyo hutayapima kamwe, nakujua.

Kabla hujalipa, nitumie picha ya ubavu wa kila tairi, zile namba zisomeke. Nisalimie shemeji.

Wako,
Lusajo