Risala ya Wakazi wa Dandora kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufungua Kiwanja cha Watoto

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwakilishi wa Wadi yetu. Chifu na wazee wa mtaa. Wenye ploti na wapangaji wenzetu. Akina mama wa sokoni. Vijana wa mkokoteni. Na nyinyi watoto ambao leo ndio wenye shughuli: hamjambo nyote.

Mheshimiwa, karibu nyumbani. Hapo ulipoketi, kando ya huo mwembe mchanga, taka zilikuwa zikifika magotini.

Wengi waliopo leo hawakuwapo Dandora ilipopimwa. Ilikuwa miaka ya 1970, mradi wa Baraza la Jiji la Nairobi kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Aliyepata ploti alikabidhiwa ardhi, choo na bafu, vyumba akajijengea mwenyewe kadiri ya mfuko wake. Katikati ya nyumba kukaachwa kiwanja cha pamoja. Muongo huohuo dampo nalo likaanza kupokea taka za jiji hapo jirani. Familia zikaongezeka, nyumba za chini zikawa ghorofa, na kiwanja ambacho kila mtu alikikanyaga kikakosa mtu wa kukiuliza hali.

Tulianza Jumamosi moja, akina mama saba na reki mbili za kuazima. Tunakiri mbele yako kwamba kuzoa taka ndiyo iliyokuwa kazi nyepesi. Kazi nzito ilikuwa kuketi pamoja. Mpangaji aliuliza kwa nini afagie mahali ambapo kodi ikipanda mwezi ujao atahama. Mwenye ploti aliona wapangaji wanataka kumtawalia nyumba. Vijana walitaka kuosha pikipiki hapa, akina mama walitaka kamba za nguo, na watoto, ambao hakuna aliyewauliza, walitaka mpira. Tulikutana jioni sita kabla ya kupatana. Kilichotuokoa ni kanuni aliyoileta nyanya mmoja wa ploti ya pembeni: asiyehudhuria asilaumu, na anayesema asikatizwe. Tangu hapo kila nyumba hutoa shilingi 20 kwa wiki. Hesabu husomwa hadharani kila mwisho wa mwezi, na mweka hazina anayelala na sanduku hana ufunguo. Ufunguo uko kwa mpangaji wa ploti nyingine.

Kisha mvua za masika zikaja. Chemba iliyo nyuma ya nyumba ilifurika, maji taka yakaingia kiwanjani, yakapita juu ya miche tuliyoipanda, yakafika mlangoni mwa darasa la chekechea. Tulizibua kwa fito, kesho yake ikafurika tena. Ndipo tulipoona mahali ufagio wetu unapoishia. Kutengeneza bomba linalohudumia mamia ya watu kwa shilingi 20 hakuwezekani, na wala si haki kulidai kwa mama anayeuza mboga za mafungu. Tukaandika barua. Ofisi tuliyoipelekea ilitujibu kwamba kazi hiyo haimo katika bajeti.

Jibu hilo lilituuma, lakini lilitufunza. Binti mmoja wetu aliye chuoni alituletea Katiba jioni moja, tukaisoma kwa sauti hapa kiwanjani. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika shughuli zake. Tukajua pia kwamba bajeti ina msimu wake, kama mahindi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mwelekeo wa matumizi kufikia Februari 28, na makadirio yenyewe kufikia Aprili 30, ili mwaka wa fedha uanze Julai 1. Barua yetu ilikuwa ya Mei. Tulifika na jembe wenzetu wakivuna.

Msimu uliofuata tulichanga nauli tukatuma wajumbe wawili kwenye kikao cha maoni. Kilikuwa siku ya kazi, saa nne asubuhi, mbali na mtaa. Mmoja wao, mama mboga, alifunga kibanda siku nzima. Mlangoni walipewa kitabu kinene cha Kiingereza, wakaambiwa watoe maoni yao kwa dakika mbili. Mheshimiwa, mama huyo hugawa mtaji wake kila alfajiri kati ya sukumawiki, nyanya, nauli na kodi, na hesabu yake haikosei. Alirudi kimya. Uchungu wa siku ile haujatutoka.

Kwa hiyo tunakuomba, kabla ya kitu kingine chochote, kikao cha bajeti ya wadi yetu kifanyike hapa mtaani, kwa Kiswahili, jioni au Jumapili mchana, watu wakiwa wamerudi. Tuletewe mapema karatasi chache tu zinazoonyesha kazi za wadi hii na fedha za kila kazi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaturuhusu kuomba habari kwa maandishi ya Kiswahili au Kiingereza, na ofisi hujibu ndani ya siku 21. Ombi letu la Kiswahili tutakukabidhi leo, nakala moja ibaki kwetu ikiwa na sahihi yako ya kuipokea.

Pia utusaidie kiwanja hiki kitambuliwe rasmi kuwa ardhi ya umma. Mara mbili tumekuta vigingi vimepigwa usiku. Uhuru Park, bustani ya umma katikati ya jiji, ingekuwa kivuli cha jumba la ghorofa 60 kama mtetezi wa mazingira Profesa Wangari Maathai asingesimama kidete mwaka 1989. Sisi hatuna jina kama lake, ila tuna watoto hawa wanaokusubiri uwakatie utepe.

Kuhusu chemba, hatukuombi ahadi. Tunaomba kazi hiyo iingizwe katika makadirio yatakayofika bungeni kufikia Aprili 30, nasi tupajue mahali ilipoandikwa na kiasi kilichotengewa. Viti vya kikao tunavyo, ndivyo hivi tulivyokalia. Katibu wetu ana daftari la wageni. Baada ya kutia sahihi, utaona mstari mmoja ulioachwa wazi chini yake. Huo ni wa tarehe ya kikao, tunaomba uiandike wewe mwenyewe.

Ahsante, Mheshimiwa.

Ni sisi wakazi, wenye ploti na wapangaji.