Daktari si gunia la mahindi

Mhariri,

Nimezivumilia habari zenu za "mtafiti bora" kwa miaka, lakini ile ya wiki jana kuhusu daktari wa hapa Kisumu imenishinda. Mliandika kwamba ana "kipimo cha athari cha juu kuliko wenzake wote". Mtu hana kipimo cha athari. Jarida ndilo lililo nacho. Huchukuliwa idadi ya mara ambazo makala za jarida za miaka miwili iliyotangulia zimenukuliwa mwaka huu, ikagawanywa kwa idadi ya makala hizo. Humo makala chache hubeba zilizobaki, na nyingine hazijanukuliwa na yeyote. Mnamsifu abiria kwa mwendo wa matatu.

Labda mlikusudia hesabu ya h, ile ya mtu mmoja mmoja, aliyoibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi, shuka ukihesabu mistari, na usimame kabla namba ya mstari haijazidi manukuu yake. Mwenye makala tano zilizonukuliwa mara 120, 15, 4, 3 na 1 ana h ya 3. Mwenye 9, 6, 5, 4 na 2 ana h ya 4, ingawa jumla yake ni 26 na ya mwenzake ni 143. Jaribio la tohara lililofanyiwa hapa hapa Kisumu, kwa vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, lilichapishwa katika jarida la tiba The Lancet Februari 2007. Machi, kwa kuyatazama pia majaribio ya Afrika Kusini na Uganda, WHO na UNAIDS walipendekeza tohara iwe mojawapo ya kinga za VVU. Katika hesabu ya h, makala hiyo ni mstari mmoja tu.

Na namba zenu mlizitoa wapi? Google Scholar, kitafutio cha makala za kitaaluma, huhesabu tasnifu, rasimu na karatasi za makongamano. Scopus, hifadhidata nyingine ya makala, huhesabu majarida iliyoyachagua yenyewe. Mtu mmoja, namba mbili. Juu ya hayo kuna majina. Huku kwetu kila mvulana aliyezaliwa usiku ni Otieno, na programu haijui usiku upi. Juzi nililetewa orodha ya makala za daktari wa watoto kutoka Google Scholar, tayari kwa kamati ya kupandisha vyeo: ndani mna makala ya kuvu wa mahindi, moja ya minyoo ya samaki ngege, na makala yake moja imeingia mara tatu, kama rasimu, kama toleo la mwisho, na tena kwa kichwa kilichokosewa herufi. Dawa yake ni kazi ya nusu saa. Unatia alama nakala zinazojirudia na kuziunganisha, unafuta zisizo zako, kisha unabadilisha mpangilio ili programu isiongeze kitu kabla ya kukuuliza kwa barua pepe. Tulipomaliza, namba ilishuka na mwenyewe akanuna. Kamati ingeipokea ile ya kwanza bila kukohoa!

Na tukiwa hapo hapo: nani aliweka majina kwenye makala hizo? Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ina masharti manne, na yote lazima yatimie: kuchangia kwa kweli ubunifu wa utafiti, data au uchambuzi, kuandika au kusahihisha kwa kina, kuidhinisha toleo la mwisho, kukubali kuwajibika. Mkuu wa idara aliyetia saini ya bajeti tu hatimizi hata moja, lakini jina lake lipo. Aliyepita boma kwa boma akitoa damu vidoleni na kujaza fomu anatupwa kwenye shukrani, wala hakuonyeshwa rasimu, na shukrani haziingii kwenye h ya mtu.

Basi mkiandika tena, wekeni kisanduku cha mistari mitano: namba ya ORCID, zile tarakimu 16 za kumtambulisha mtafiti mmoja tu, hifadhidata mliyotumia na tarehe mliyoifungua, makala ambazo yeye ni mwandishi wa kwanza au wa mwisho, manukuu baada ya kutoa yale ya kujinukuu, ambayo Scopus huyatoa kwa kubofya mara moja, na jambo moja lililobadilika wodini kwa sababu ya kazi yake. Mkiona ni taabu, mpelekeni Kibuye siku ya soko. Mizani ipo, na kilo zake angalau zimekaguliwa.

Mkutubi wa utafiti,
Kisumu