Barua kwa mwanangu aliyeko Boston

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Tanga, sote wazima. Tumesikia umeacha usanifu majengo ukahamia usanifu wa mandhari. Baba yako mdogo bado anauliza iweje mtu asafiri mpaka Marekani kusomea bustani. Mimi niliyezeeka nikipanda bikoni, yale mawe ya mipaka ya viwanja, sina neno, ila maadamu uko huko, mfahamu Charles Eliot, msanifu wa mandhari wa huko Boston.

Alizaliwa 1859 Cambridge, hapo ng'ambo ya mto. Kazi alifundishwa na Olmsted, mmoja wa waliobuni Central Park ya New York, lakini hakutosheka na bustani mojamoja. Aliona mji unafura na viwanja vinakatwa hadi ukingoni mwa mito, akataka ardhi ya wote ichukuliwe mapema, kabla bei haijapaa. Mwaka 1891, kwa msukumo wake, jimbo la Massachusetts likapitisha sheria ya kuunda bodi ya wadhamini wa kushika maeneo ya asili kwa niaba ya umma bila kutozwa kodi, kama sisi tunavyoweka shamba wakfu. Mwaka 1893 ikaja tume ya bustani za Boston na miji jirani, naye akawa msanifu wake. Hakujali mipaka ya halmashauri. Alifuata maji na vilima: Blue Hills, Middlesex Fells, kingo za mito Charles, Mystic na Neponset, hadi baharini.

Revere Beach ndiyo inayonikosha. Reli ilipita pale pale ufukweni, na vibanda vimesongamana. Akashikilia reli irudishwe nyuma, vibanda viondolewe, mchanga ubaki wazi. Julai 1896 watu wakafunguliwa ufukwe wao. Huku kwetu ukisogeza bikoni futi tatu mnaonana mahakamani. Yeye alisogeza reli!

Machi 1897 homa ya uti wa mgongo ikamchukua, hajafika hata miaka 38. Baba yake alikuwa rais wa Harvard. Mwaka 1900 chuo kikaanza kufundisha fani hii kwa kumbukumbu ya marehemu, na mzee mwenyewe akakaa na makaratasi ya mwanawe, akatoa kitabu kinene mwaka 1902. Hapo huwa naachia njiani, sisomi tena.

Baadaye, miaka ya 1950, barabara kuu ya magari ilipitishwa kando ya mto Charles. Waulize walimu wako, hao walioipitisha walikuwa na haraka gani.

Maktaba wakikuruhusu, nipigie picha ramani za ile tume. Nataka kuona kontua zao, ile mistari ya kuonyesha miinuko. Mama yako anauliza kama koti limefika.

Baba yako