Dada wa Berlin, asante sana

Jamani sijui hata jina lako dada, ila kama unasoma hii, asante sana aisee. Mimi ndo yule kaka wa Songea aliyejiunga kimakosa na ziara ya watalii ya Kijerumani pale mtaa wa Wilhelmstraße, nimesimama kama nguzo ya umeme sielewi kitu, mara nasikia Kiswahili sikioni: "hapa ndo waligawana Afrika, 1884 mpaka 1885, na hakukuwa na Mwafrika hata mmoja mezani." Nilishtuka we acha tu!

Ukanitafsiria yote, bila kuombwa, tukaenda mpaka eneo la Wedding, kwenye ule mtaa wa Kiafrika, ukanionyesha barabara iliyokuwa inaitwa Petersallee, ya yule mkoloni wa Kijerumani Carl Peters aliyeitwa Mkono wa Damu, aliyepewa hati ya Kaiser, mfalme wao, ya kulinda maeneo aliyoyachukua huku kwetu, siku moja tu baada ya ule mkutano wa kugawana Afrika kufungwa. Kumbe tangu 2024 kipande kimoja kinaitwa Maji-Maji-Allee. Hapo machozi yakanitoka, maana kwetu Songea Wangoni walinyongwa na Wajerumani 1906 kwenye vita hiyo ya Maji Maji, ukanipa tishu ukakaa kimya tu. Kugeuka nikuage, ushapanda basi. Tishu zilizobaki ninazo bado dada.