Barua ya Kufunga Muhula wa Kwanza

Ndugu wazazi na walezi,

YAH: KUFUNGA SHULE NA MAFUNZO YA KOMPYUTA KWA WANAFUNZI WASIOONA

Poleni na majukumu. Shule inafungwa Ijumaa hii, na wanafunzi wanarudi tarehe 6 Julai. Ripoti wanazo wenyewe. Za wasioona zimeandikwa pia kwa nukta nundu (maandishi ya kupapasa), ili mtoto ajisomee kabla hajasomewa. Mahitaji ya muhula ujao yameorodheshwa nyuma ya ripoti.

Nafasi iliyobaki naitumia kwa jambo moja. Tangu mwaka jana wanafunzi wetu 11 wasioona na wenye uoni hafifu wanajifunza kompyuta. Wengi mmeniuliza: asiyeona atakitumiaje kioo? Hakihitaji, na mara nyingi mwalimu hukizima kabisa. Mtoto anaweka vidole vya shahada juu ya herufi F na J, ambazo zina alama ndogo iliyoinuka (pitieni steshenari yoyote mpapase, mtaiona), na kuanzia hapo vidole vinajua njia. Anachoandika kinasomwa kwa sauti na programu iitwayo NVDA. Ni ya bure, na iliasisiwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia, Michael Curran na James Teh, wote wasioona. Nilipowasimulia wanafunzi hilo, darasa lilinyamaza, kisha binti mmoja akauliza, "Mwalimu, na sisi tunaweza kutengeneza?" Tangu siku hiyo swali lile halijanitoka.

Sauti ya Kiswahili ya NVDA ni kavu, ya mashine, na mwanzoni watoto waliilalamikia. Sasa wanaiongeza kasi mpaka sisi walimu tunaoona hatuambulii neno. Mwezi uliopita kila mwanafunzi wa kidato cha tatu aliandika barua ya kuomba kazi, akaipitia herufi kwa herufi kutafuta makosa, akaichapisha. Nimezisoma zote. Chache zina makosa ya nafasi na herufi kubwa, lakini hakuna hata moja iliyoandikwa na mkono wa mwingine.

Kuna aliyeuliza kama nukta nundu sasa ziachwe. Hapana. Sauti inayosoma neno zima haimwonyeshi mtoto linavyoandikwa. Kwa nukta nundu anayasoma maandishi yenyewe kwa vidole vyake. Vyote viwili vitaendelea.

Kuhusu ajira, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 ahakikishe asilimia 3 au zaidi ni watu wenye ulemavu. Penye wafanyakazi 100, hao ni watatu. Siwadanganyi kwamba sheria peke yake itamwajiri mtu. Mwajiri atataka kuona kijana anajibu barua pepe, anajaza jedwali, anasikiliza rekodi ya kikao na kuiandika, anahudumia wateja kwa simu huku akiandika shida zao. Hayo ndiyo tunayowafundisha, na yanahitaji mazoezi ya kila siku.

Ndiyo maana likizo inanitia hofu. Desemba iliyopita mwanafunzi mmoja alikaa nyumbani wiki nne bila kugusa hata simu, kwa kuwa wakubwa walihofia ataivunja. Alirudi akiitafuta F kama siku ya kwanza. Simlaumu mzazi yeyote, maana simu ni ghali na huruma ni ya kawaida. Lakini nawaomba, mpeni simu. Kama ni ya Android, ingieni kwenye mipangilio, upande wa ufikivu, mwashe TalkBack, programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye simu. Msishtuke ikianza kusema: ukigusa mara moja inakusomea, ukigonga mara mbili inafungua, na kusogeza ukurasa ni kwa vidole viwili. Mkishindwa, mwachieni mtoto, anajua. Mkiona anachelewa, msimnyang'anye mkamwandikia. Mwacheni amalize.

Nimewapa kazi moja ya likizo. Kila mmoja aniandikie ujumbe wa simu kwa vidole vyake mwenyewe, anieleze alichofanya nyumbani wiki hiyo. Namba ya shule wanaijua kwa kichwa. Msiwasahihishie makosa. Nitajibu kila ujumbe siku hiyo hiyo.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule